Mdogo wangu anasema fizikia ndiyo iliyobeti, si yeye

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia, nafundisha kidato cha tano na cha sita. Mdogo wangu amemaliza mtaji wa duka la familia kwenye kubeti. Tulipomkalisha kitako kumhoji, alinigeukia mimi: "Dada, si wewe unayefundisha kwamba kila kitu kinafuata kanuni za fizikia? Ubongo wangu nao ni atomu. Sasa ningefanyaje tofauti?" Wazee walicheka. Mimi sikucheka, maana nilikosa la kujibu. Je, ana hoja? Katika ulimwengu ambao ni maada na nguvu tu, mtu anaweza kuwa na hiari? Naomba usinijibu kwa dini, upande huo ninaye wa kumuuliza.

Jibu: Mwalimu, ulifanya vyema kutocheka, kwani hoja ya mdogo wako ina wenyewe. Peter van Inwagen, mwanafalsafa wa Marekani, aliifanyia kazi kwa makini katika kitabu chake cha mwaka 1983, na hadi leo hakuna aliyeizika kabisa. Ukiipunguza inabaki hivi: ikiwa kila tukio limefungwa na yaliyotangulia, basi kila tunachofanya ni tokeo la kanuni za maumbile pamoja na hali ya ulimwengu ilivyokuwa kabla hatujazaliwa. Kanuni hatukuzitunga. Hali hiyo ya kale hatukuipanga. Kwa hiyo na matokeo yake, ukiwemo mkeka wa timu kumi na mbili uliowekwa kwa hela ya mchele wa duka, hayamo mikononi mwetu.

Nikwambie mapema ninaposimama. Habari ya atomu ameipata sawasawa, ila hitimisho analolitoa halitoki humo. Kipo kitu ambacho fizikia inatunyang'anya kweli, nami nitakifikia, lakini sicho anachodhani yeye.

Kwa nini watu walikuja kuamini kwamba ulimwengu ni mtambo usiomwachia mtu nafasi? Kwa sababu hesabu za mtambo huo zilikubali. Mwaka 1758 huko Paris, Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na mama mmoja hodari wa hesabu, Nicole-Reine Lepaute, walikaa mezani miezi kadhaa wakikokotoa kwa kalamu jinsi mvuto wa Mshtarii na Zohali unavyoichelewesha kometi ya Halley. Mwezi Novemba ikatangazwa kwamba kometi itafika karibu kabisa na jua katikati ya Aprili 1759, na hesabu ikikosea itakosea kwa mwezi mmoja hivi. Ilifika tarehe 13 Machi. Kwa watu wa zama zile hilo lilikuwa jambo la kutisha na kufurahisha kwa pamoja. Mwaka 1814 Pierre-Simon Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, akalimalizia: akili ambayo ingejua nguvu zote za maumbile na mahali ilipo kila chembe kwa wakati mmoja isingekuwa na shaka juu ya lolote, kesho ingeiona wazi kama inavyoiona jana. Kometi, kimbunga na mkeka wa mdogo wako, vyote kapu moja.

Najua ulilo nalo mdomoni: Laplace amepitwa na wakati. Kweli. Mwanafizikia Max Born alieleza mwaka 1926 kwamba hesabu za kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu, hazitupi tukio lenyewe, zinatupa uwezekano wake. Huwezi kukinyooshea kidole kiini kimoja cha kaboni-14 ukasema kitaoza, yaani kitageuka kuwa kiini kingine, siku fulani. Unachoweza kusema ni kwamba kati ya viini vingi, nusu vitakuwa vimeoza baada ya miaka 5,730 hivi. Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell akatafuta namna ya kupima kama nyuma ya bahati hiyo kuna mtambo uliofichika, unaofanya kazi pale pale ulipo bila kutuma taarifa kwa kasi kuliko mwanga. Vipimo vya Clauser, Aspect na Zeilinger, vilivyowapa Nobeli ya 2022, vilijibu kwamba mtambo wa aina hiyo haupo. Nisikudanganye kwamba kesi imefungwa: wafuasi wa mwanafizikia David Bohm wanatumia matokeo hayo hayo na bado wanauona ulimwengu umefungwa kila mahali, ila kwa mtambo unaogusana hata kwa mbali.

Kisa kimoja cha kuchekesha hapa. Tarehe 30 Novemba 2016, watu zaidi ya 100,000 duniani walicheza mchezo wa intaneti wa kubonyeza sifuri na moja, wakatoa biti zaidi ya milioni 97. Maabara 12 katika mabara matano zilizitumia biti hizo kuamua zipime nini katika majaribio ya Bell. Yaani wanafizikia, walipotaka chanzo cha maamuzi ambacho hawakukitengeneza wao, walikwenda kuazima vidole vya watu. Biti zenyewe hazikuwa nasibu safi, maana binadamu ana mazoea yake hata anapojitahidi kutokuwa nayo.

Sasa tukubali kwamba ndani ya maumbile kuna bahati nasibu ya kweli. Inamsaidia nani? Katika mwili wa mtu mzima potasiamu-40 huoza kiasi cha mara 4,000 kila sekunde. Chukulia kiini kimojawapo kimeoza ndani ya seli ya neva ya mdogo wako, umeme ukaruka, kidole kikabonyeza "thibitisha". Hapo tungesema kidole kimeshtuka, hatungesema ameamua. Anayetafuta hiari ndani ya kwanta anatafuta mahali ambapo matendo yetu hayatokani na lolote, na tendo lisilotokana na lolote halitokani na mimi pia.

Kwa hiyo tumebanwa pande zote. Mambo yakiwa yamefungwa, mdogo wako anasema hakuwa na njia nyingine. Yakiwa ya kibahati, bahati ndiyo iliyobeti. Wengi wakifika hapa huvunja kikao na kutangaza kwamba hiari ni ndoto. Robert Sapolsky wa Stanford, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akija Maasai Mara kuwachunguza nyani na homoni zao za msongo, alitoa kitabu mwaka 2023 akishikilia msimamo huo. Anataka aonyeshwe seli ya neva iliyofanya kazi bila kusukumwa na chochote kilichotangulia: homoni, njaa, malezi, jeni, utamaduni. Hakuna atakayemwonyesha. Mimi namuuliza tu, nani alisema hiyo ndiyo hiari? Seli ya namna hiyo ikikutwa kichwani mwa mtu, apelekwe hospitali.

Kosa, kwa maoni yangu, limekaa katika dhana kwamba uhuru ni tundu kwenye mnyororo wa visababishi. Tukitafuta matundu hatutayapata, na tukiyapata hayatatufaa. Swali lenye tija ni lingine: mnyororo huo unapita wapi?

Umenikataza dini na nitatii, ila kisa kimoja nakihitaji kwa ajili ya mantiki yake. Khalifa Umar alipokuwa safarini kwenda Sham, eneo la Syria ya leo, alifika Sargh akaambiwa tauni imeingia huko mbele. Baada ya kushauriana akaamua kurudi. Abu Ubayda, kamanda wa jeshi lake huko Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, akampa mfano wa mtu mwenye ngamia anayeshuka kwenye bonde lenye upande wa malisho na upande mkavu: popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kadari. Weka kanuni za fizikia mahali pa kadari, na hoja inasimama vilevile. Kusema jambo limefungwa na yaliyotangulia ni kitu kimoja. Kusema litatokea hata ufanye nini ni kitu kingine kabisa, na hicho cha pili fizikia haijawahi kukisema. Umar hakuambukizwa tauni kwa sababu alipima habari akageuza msafara. Kupima kule kulikuwa sehemu ya mnyororo, tena sehemu iliyobeba mzigo.

Kometi ya Halley haina kitu hicho. Mvuto wa Mshtarii unaigusa na inapinda, basi. Haijiulizi kama njia hii ina faida. Mdogo wako alijiuliza, na ushahidi uko kwenye simu yake. Mcheza mikeka hasomi majina ya timu na kubonyeza tu. Anaangalia nani ni majeruhi, nani kacheza katikati ya wiki, timu gani haifungwi nyumbani, odi zimepanda au zimeshuka. Akisikia mshambuliaji ameumia nyonga, anabadilisha chaguo. Maana yake ubongo ule, wenye atomu zile zile, ulikuwa unabadilika kulingana na sababu zinazoletwa mbele yake. Kwa hiyo asituambie alikuwa jiwe linalobingirika mlimani. Kwenye kuchagua timu alikuwa macho kabisa. Cha kuuliza ni kama alikuwa macho pia kwa sababu za kutocheza: deni, mchele, mama.

Hapo kuna jambo ambalo hoja ya atomu inalificha. Tazama bao. Mashimo 32, kete 64, wala hakuna dadu. Ukishachota kete za shimo lako na kuchagua upande, mzunguko wote umejifunga: utakula wapi, utalala wapi, hesabu inajiendesha. Mtu akikuuliza kwa nini kete ile imelala shimo la nne, unaweza kumhesabia shimo kwa shimo, na hutakuwa umesema uongo. Lakini hujamwambia kwa nini fundi yule alikula kwa kushoto badala ya kulia. Alikuwa anailinda nyumba yake. Maelezo hayo ya pili hayashindani na yale ya kwanza, wala si porojo ya kujifariji. Ndiyo pekee yatakayokusaidia kumfunga kesho. Ndani ya kete ukichungulia hutaiona nia ya kulinda nyumba, kama ambavyo wewe mwenyewe hufundisha kwamba molekuli moja ya hewa haina jotoridi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuhitimisha kwamba joto la Dar es Salaam ni njozi.

Mwanafalsafa Christian List alilisukuma wazo hili mbali zaidi mwaka 2019. Alisema neno "ningeweza" ni la ngazi ya watu, na katika ngazi hiyo hali moja ya mtu, imani zake na matakwa yake, inaweza kubebwa na mipangilio mingi sana ya atomu, na mipangilio hiyo huendelea kwa njia tofauti. Kwa hiyo mbele ya mtu njia zaidi ya moja ziko wazi, hata kama kila mpangilio wa atomu una njia moja tu. Naiona ni hoja nzuri, ingawa haimalizi yote: mdogo wako atakuuliza ni nani aliyeuchagua mpangilio uliokuwa kichwani mwake usiku ule. Hoja ninayoiegemea zaidi ni ya wanafalsafa John Martin Fischer na Mark Ravizza ya mwaka 1998. Wao hawadai kwamba mtu angeweza kuuruka mnyororo. Wanauliza kama mfumo wake wa kuamua, ule ule uliotenda, unasikia sababu na unazijibu. Mfumo huo ukisikia na kujibu, uamuzi ni wake. Ukiwa kiziwi, anza kumwonea huruma.

Pengine umewahi kusikia kwamba maabara zimekwisha thibitisha kuwa ubongo huamua kabla yetu. Tulipitie hilo haraka, maana mimi naona limepewa sifa kuliko stahili yake. Mwaka 1983 mtafiti wa ubongo Benjamin Libet wa San Francisco aliwaketisha watu mbele ya saa yenye nukta inayozunguka kwa sekunde 2.56, akawabandika elektrodi kichwani, akawaambia wakunje kiganja wakati wowote watakaojisikia, kisha waseme nukta ilikuwa wapi walipotambua kwamba wanataka. Watu walisema walitambua kama sehemu mbili za kumi za sekunde kabla ya mkono kusogea. Umeme wa ubongo, ambao Kornhuber na Deecke wa Ujerumani walikuwa wameueleza tangu 1965, ulianza kupanda kama nusu sekunde kabla. Magazeti yakaandika mazishi ya hiari. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake wakaonyesha kwamba mlima ule wa umeme unaweza kuwa mawimbi ya kawaida ya ubongo yanayopanda na kushuka bila mpango. Mtu asipokuwa na sababu yoyote ya kuchagua sekunde hii badala ya ile, mkono huwa unasogea wimbi linapokuwa juu. Ukikusanya rekodi zote kurudi nyuma kutoka mwendo wa mkono, lazima uone mlima. Jaribio jingine la 2008, lililotumia mashine ya kupiga picha za ubongo, liliweza kubashiri sekunde kadhaa mapema kama mtu atabonyeza kulia au kushoto, kwa usahihi wa karibu asilimia 60. Shilingi ukiirusha inakupa 50. Isitoshe, hayo yote ni kukunja kiganja au kubonyeza kitufe bila sababu. Kuuza kiwanja, kumposa mtu, kukopa hela ya duka, hayo huamuliwa kwa siku na wiki, kwa sababu zinazotajika, na hakuna nukta ya saa inayoweza kuyapima.

Ushahidi mzito kweli unatoka hospitalini, na huo mdogo wako hakuutaja, pengine hakuujua. Wagonjwa wa Parkinson hutetemeka kwa kuwa seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe, katika ubongo wao zinakufa. Dawa mojawapo ni zile zinazoiga dopamini, kama pramipeksoli na ropiniroli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 madaktari walianza kuona kitu cha ajabu: wazee watulivu, waliotunza pensheni zao maisha yote, wanapoteza akiba kwenye kamari miezi kadhaa baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi. Utafiti wa wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada, uliotoka mwaka 2010, ulikuta tabia zisizozuilika, yaani kamari, ununuzi wa kupindukia, ulaji au ngono, kwa takriban asilimia 17 ya waliotumia dawa hizo, na takriban asilimia 7 ya wasiozitumia. Kwa wengi, dozi ikipunguzwa au dawa ikisimamishwa, hamu hutulia.

Kisa kingine ni cha mwanamume wa Virginia, mwenye miaka 40, ambacho madaktari wake walikichapisha mwaka 2003. Alianza ghafla kuwa na tamaa ya kingono kwa watoto, jambo ambalo hakuwa nalo, akafikishwa mahakamani, na usiku wa kuamkia hukumu akakimbizwa hospitali kwa maumivu ya kichwa. Walimkuta na uvimbe mkubwa uliobana sehemu ya mbele ya ubongo juu ya macho. Ulipokatwa, tamaa ikaondoka. Baadaye ikarudi, wakapiga picha tena, na uvimbe ulikuwa umeota upya. Madaktari waliandika kwamba alijua kuwa anachofanya ni kibaya, alichopoteza ni uwezo wa kujizuia.

Anayetaka kuikana hiari atakuambia: umeona? Ni nyama tu. Mimi naona kinyume chake. Visa hivi vinaonyesha kwamba uwezo wa kujizuia, kupima na kughairi ni kitu halisi kilicho mwilini, chenye mahali pake, chenye kemia yake, kinachoweza kubanwa na uvimbe na kurejea uvimbe ukitolewa. Kama hiari isingekuwa kitu cha kimaumbile, tembe isingeigusa. Na daktari anayesema mzee huyu amepoteza uwezo aliokuwa nao anakiri kwamba alikuwa nao. Asilimia 17 inasema jambo la pili pia. Wengi waliomeza dawa zile zile hawakuangukia humo, na walioanguka hawakuanguka sawasawa. Hiari ina vipimo. Mtu huwa nayo nyingi asubuhi na kidogo usiku, nyingi akiwa ameshiba na ametulia, kidogo akiwa na deni na usingizi wa saa tatu.

Mahakama zinalijua hili kwa uzoefu, bila kusubiri wanafalsafa. Sheria zetu za Afrika Mashariki zinatenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na zina kinga kwa mtu ambaye ugonjwa wa akili ulimzuia kujua anachofanya. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Muruatetu, ilikataa hukumu ya kifo iliyokuwa ya lazima kwa kila aliyetiwa hatiani kwa mauaji, kwa sababu ilimnyima jaji nafasi ya kusikiliza mazingira ya kila mtu. Anayesikiliza mazingira anakubali mambo mawili pamoja: kwamba yapo yaliyomsukuma mtu, na kwamba bado kuna mtu wa kuhojiwa.

Sasa tumrudie mdogo wako, kwa sababu kamari si tunda kama matunda mengine. Mfumo wa dopamini, kama Wolfram Schultz alivyoonyesha kwa kima wa maabara katika miaka ya 1990, hauitiki sana kwa zawadi yenyewe; unaitika pale zawadi inapozidi ilivyotarajiwa. Malipo yasiyotabirika yanauweka mfumo huo macho wakati wote. Halafu kuna kukosa kidogo. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake walionyesha, kwa mchezo wa mfano wa mashine za kamari, kwamba kukosa nusura kunaamsha sehemu za ubongo zinazoamka mtu anaposhinda, na kunaongeza hamu ya kucheza tena. Mtu wa mikeka anakuelewa mara moja ukimwambia hivyo. Timu kumi na moja zimeingia, moja imechana mkeka dakika ya 93. Kwa hesabu amepoteza sawa na aliyekosa zote. Kwa ubongo wake amebakiza kidogo tu. Mkeka mrefu unazalisha "kidogo tu" kila wikendi.

Kwa hiyo ukimkuta anatetemeka mkono saa nane usiku akitafuta salio, usimwambie alikuwa huru kama wewe ulivyo huru kukataa soda. Hakuwa. Lakini hoja yake kikaoni haikuwa hiyo. Alisema ana atomu, na atomu anazo kila mtu, pamoja na wewe usiyebeti na wazee waliokuhoji. Hoja inayomsamehe kila mtu kwa kila kitu haiwezi kuwa ndiyo inayomsamehe yeye kwa hili. Kama ana udhuru, ni ule mdogo na mahususi: uraibu umemdhoofishia uwezo ambao wengine wanao. Udhuru huo una gharama, maana anayeutoa anakiri kwamba kuna hali nyingine, isiyo ya kudhoofika, na kwamba inaweza kurejeshwa.

Muulize swali alilolianzisha mwanafalsafa Harry Frankfurt mwaka 1971: achana na kama unataka kucheza; unataka kuwa mtu anayetaka kucheza? Frankfurt aliwatofautisha waraibu wawili. Mmoja anaitaka dawa na ameridhika kuitaka. Mwingine anaitaka na anaichukia hamu hiyo, inamshinda huku anaipinga. Kemia yao inaweza kufanana, ila msimamo wa kila mmoja juu ya hamu yake ni tofauti, na wa pili ana pa kushika. Akikujibu kwa ukweli kwamba angependa hamu ile isiwepo, basi hiari yake haijafa. Imeshindwa usiku, lakini asubuhi ipo, na asubuhi inaweza kuufunga usiku mikono. Baadhi ya kampuni za kubeti zina utaratibu wa mchezaji kuomba afungiwe akaunti yake mwenyewe. Laini ya simu yenye hela inaweza kukaa kwako, na rafiki wa mikeka anaweza kuambiwa asimpigie Jumamosi. Mtu wa Laplace atasema hata hatua hizo zilikuwa zimefungwa tangu zamani. Sawa, zilikuwa zimefungwa kupitia mazungumzo yenu, ndiyo maana mazungumzo hayo lazima yafanyike.

Nilisema kuna kitu fizikia inatunyang'anya. Inatunyang'anya wazo kwamba mtu amejiumba mwenyewe tangu mwanzo. Hakuchagua jeni zake, wala umri aliopewa simu ya kwanza yenye intaneti, wala ushindi wa kwanza uliomlevya. Wewe nawe hukuchagua kuwa aina ya mtu ambaye kamari haimgusi. Hapo Sapolsky yuko sahihi, na mimi nashindwa kuona jinsi mtu anavyoweza kulielewa jambo hili na bado akafurahia kumwona mwenzake anaumia kwa sababu tu "anastahili". Adhabu ya kumtesa ili tu ateseke haina tena mguu wa kusimamia. Lawama ya kumfanya asikie, ahesabu na abadilike inao, kwa kuwa inafanya kazi kupitia uwezo ule ule tuliouzungumzia: inampa ubongo wake sababu ambayo haukuwa nayo.

Na mtaji wa duka arudishe. Hilo halitegemei kama alikuwa huru asilimia 30 au 90 usiku ule. Duka ni la familia, pengo lipo, na yeye ndiye aliyelifanya. Mpange kiasi atakachotoa kila mwezi, akukabidhi wewe, kisiwe kikubwa hadi kumrudisha kwenye mkeka kutafuta njia ya mkato. Akirudia habari ya atomu mkiwa mnapanga, mwambie na ratiba ya malipo ni atomu pia, za wino.